Filamu Tatu Chini ya Mlima Meru

Nilikwenda Arusha kwa sababu ya filamu. The Uncondemned, iliyoongozwa na Michele Mitchell na Nick Louvel na kutolewa mwaka 2015, niliitazama nyumbani Dar es Salaam usiku, na ilipokwisha sikupata usingizi. Inawahusu wanawake wakulima wa Taba, nchini Rwanda, waliosafiri mwaka 1997 kuja Arusha kutoa ushahidi dhidi ya mtu aliyekuwa mkuu wa eneo lao, Jean-Paul Akayesu. Kilichonikesheza ni kwamba mambo hayo yalitendeka nchini kwangu, katika mji ninaopita kila ninapokwenda kwa wakwe zangu, na hakuna mtu aliyewahi kunisimulia. Miaka ile redio zilitangaza nani kakamatwa na nani kahukumiwa. Habari za wanawake hawa hazikunifikia.

Mahakama waliyokuja kutoa ushahidi mbele yake ilikaa katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha. Minara yake mitatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, ilijengwa iwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika mwaka 1977. Umoja wa Mataifa ulipounda mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda Novemba 1994, na mwaka uliofuata Arusha ikateuliwa kuwa makao yake, korido za mikutano zikageuka korido za washtakiwa na mashahidi. Nilifika asubuhi, mlima ukiwa mweupe wa mawingu kiunoni na kilele kikionekana wazi. Mlinzi wa langoni, kijana mwenye adabu, aliniambia kwamba hapa sasa ni mikutano tu, mambo ya Rwanda yamehamia Lakilaki, nje ya mji. Ni kweli. Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, baada ya kuwashtaki watu 93 na kuwatia hatiani 62, na kumbukumbu zake zinatunzwa katika majengo yaliyofunguliwa huko mwaka 2016.

Wakazi wa mjini niliozungumza nao wanaikumbuka mahakama kwa upande wa maisha yao, na hiyo ni haki yao: kodi za nyumba zilivyopanda Njiro, magari meupe ya UN, madereva na wakalimani walioajiriwa, wenye maduka waliouza kwa dola. Nilipouliza kama wanajua ni nini hasa kilichosemwa ndani ya yale majengo, wengi walijibu kwa jumla kwamba ni mauaji ya Watutsi.

Basi hapa nitakaa kidogo, maana kilichosemwa kinastahili kujulikana na kila mtu wa Arusha.

Mashtaka ya kwanza dhidi ya Akayesu hayakugusa ubakaji. Januari 1997 mama mmoja, aliyefichwa kwa herufi J, alikuwa akieleza jinsi alivyonusurika, na katikati ya maelezo akataja, bila kuulizwa, kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Kati ya majaji watatu, mmoja alikuwa mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Wenzake walikuwa Laïty Kama wa Senegal, aliyeongoza jopo, na Lennart Aspegren wa Sweden. Majaji hawakuyaacha maneno yale yaanguke chini. Baadaye shahidi mwingine, H, akaeleza yaliyompata yeye mwenyewe. Kesi ikaahirishwa, wapelelezi wakarudi Taba, na Juni 1997 hati ya mashtaka ikaongezwa makosa ya ubakaji. Ndipo wanawake wengine wakaja. Walizungumza Kinyarwanda nyuma ya pazia, wakisikika kwa wengine kupitia Kifaransa na Kiingereza cha wakalimani, mtuhumiwa akiwa amekaa chumba kimoja nao. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifungo cha maisha.

Majaji wale walikataa kueleza ubakaji kwa kuorodhesha viungo vya mwili. Walisema ni uvamizi wa kingono wa mwili wa mtu, unaotendeka katika mazingira ya shuruti, na shuruti si lazima ithibitishwe kwa kipigo. Mbele ya watu wenye silaha vitisho na hofu vinatosha. Nikiwa mwanamke niliyekulia katika nchi ambamo msichana akilalamika huulizwa kwanza kama alipiga kelele, niliposoma hukumu hiyo nilihisi kwamba mtu fulani hatimaye ameelewa. Mwaka huo huo wa 1998 Bunge letu lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, SOSPA, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji na kuufanya ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Waandishi wanawake wa TAMWA walikuwa mstari wa mbele kuipigania. Sisemi moja lilizaa jingine. Nasema tu kwamba mwaka huo ungefaa kufundishwa shuleni kwa uzito wake.

Nguvu ya The Uncondemned inatokana na nyuso. Wanawake watatu waliojulikana mahakamani kwa herufi wanakaa mbele ya kamera, wakiwa wamevaa vizuri, wanataja majina yao na kueleza. Majina hayo sitayaandika hapa. Waliyatamka wenyewe na ni vyema msomaji ayasikie kutoka kwao. Yupo pia Godelieve Mukasarasi, mwanzilishi wa chama cha SEVOTA, aliyewakusanya wajane na walionusurika na kuwatia moyo waseme. Desemba 1996, wiki chache kabla ya kesi kuanza, mume wake na binti yake waliuawa. Aliendelea na kazi. Filamu pia inawapa nafasi mawakili vijana wa Kimarekani, Pierre-Richard Prosper na Sara Darehshori, na wakati mwingine nilitamani kamera iwaache haraka zaidi irudi kwa akina mama. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hakuna mahali ambapo wanawake hawa wanaonyeshwa kama watu wa kuonewa huruma peke yake. Wao ndio walioibadilisha sheria ya dunia, na filamu inalijua hilo.

Nina dukuduku la muda mrefu na filamu zetu nyingi za kuelimisha jamii. Mwanamke anapigwa, analia, jirani anamshauri, mwisho zinakuja nembo za wafadhili. Tunatoka tukiwa tumemhurumia bila kumjua. Ndiyo maana nilifurahi nilipoiona Binti ya Seko Shamte, mwaka 2021, yenye wanawake wanne wa Dar es Salaam ambao shida zao hazimalizi utu wao, na mwaka huo huo Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotolewa katika riwaya ya Adam Shafi, ambamo Yasmin anaondoka kwenye ndoa asiyoitaka na kuingia katika Zanzibar inayopigania uhuru. Hawa ni wanawake wanaoamua mambo. Wakikosea, kosa ni lao.

Nililala Tengeru, kilomita chache kutoka mjini kwenye barabara ya Moshi, kwa mama mmoja wa Kimeru ambaye miaka ya tisini alikuwa mama ntilie katikati ya mji. Jioni, baada ya loshoro, nikamwomba tutazame filamu pamoja. Wakaja dada zake wawili na binti wa jirani, tukabanana mbele ya kompyuta yangu ndogo. Nakala yangu ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kwa hiyo ikabidi nitafsiri, nikisimamisha kila baada ya sentensi kadhaa, kama wanavyofanya wasimulizi wa vibanda umiza. Binti wa jirani, aliyezoea filamu za Kikorea zenye sauti ya DJ juu yake, alinikosoa kwamba nasimulia polepole mno.

Haikuchukua muda akanyamaza. Mwenyeji wangu ndiye aliyenishangaza. Alikuwa akitazama kwa umakini mkubwa picha za Arusha ya zamani, akitafuta kitu, mpaka akaniuliza wanawake hao walikuwa wakilala wapi walipokuja kutoa ushahidi. Nikamwambia walilindwa, walifichwa, ilikuwa hatari kujulikana.

"Kwa hiyo walikuwa hapa hapa," alisema. "Mwanangu, tungejua, tungewapelekea hata uji."

Dada yake mkubwa akaongeza kwamba huwezi kumpelekea uji mtu usiyeambiwa kwamba yupo. Tukaendelea kutazama. Ilipofika hukumu, hakuna aliyepiga makofi. Walianza kuzungumza wao kwa wao Kimeru, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, nami sikuomba tafsiri. Baadaye mwenyeji wangu alinieleza kwamba walikuwa wakimzungumzia ndugu yao mmoja, na akaishia hapo.

Sijawahi kuona maoni ya wahakiki yaliyonifundisha kuhusu filamu kiasi cha jioni ile. Na nilijiuliza kwa nini kazi iliyopigwa kuhusu mji wao iliwafikia wanawake hawa kwa bahati ya mgeni mwenye kompyuta. Nchi hii ina ufundi wa kuzihamisha filamu za kigeni kuja kwenye Kiswahili. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijijengea jina kubwa kwa kusimulia sinema za kigeni kwa watu wa kawaida. Ufundi huo umetumika kwa mapigano na mapenzi. Unaweza kabisa kubeba kesi ya Akayesu. Unaweza pia kubeba In the Name of Your Daughter ya Giselle Portenier, ya mwaka 2018, inayomfuata Rhobi Samwelly na wasichana waliokimbilia nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, msimu wa ukeketaji, na polisi wa dawati la jinsia wanaokwenda kuwaokoa wengine usiku. Mkoa wa Arusha unaihitaji filamu hiyo kuliko wageni wa matamasha: utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha asilimia 41 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 10.

Asubuhi mwenyeji wangu alinipeleka kwenye makaburi ya Wapolandi. Yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yamezungushiwa ukuta, yametunzwa vizuri, yapata 150, misalaba ikiwa imepangwa chini ya miti. Wakati wa vita vya pili vya dunia Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan, wakaachiwa, wakapita Iran, wakasambazwa katika makoloni ya Waingereza, na kundi hili likafika chini ya Meru kuanzia mwaka 1942, likajengewa vibanda vya msonge. Jonathan Kołodziej Durand, Mkanada ambaye bibi yake alikuwa miongoni mwao, aliitengenezea familia yake filamu iitwayo Memory Is Our Homeland, iliyotoka mwaka 2018. Ni kazi ya mjukuu anayemsikiliza bibi yake kwa miaka mingi mpaka bibi anaanza kusema aliyoyaficha.

Niliipenda sana filamu hiyo. Kusimama pale makaburini kulinifanya niipende zaidi, kisha kulinitia uchungu wa namna nyingine. Mwenyeji wangu alikuwa akisimulia kwamba bibi yake alikuwa akipeleka ndizi kambini, na kwamba alijua maneno machache ya Kipolandi mpaka alipokufa. Mjukuu wa yule mkimbizi alipata kamera. Mjukuu wa muuza ndizi ananisimulia mimi, wima, akiwa amechelewa sokoni.

Kutoka Tengeru nilipanda Noah hadi Usa River, nikapata bodaboda kupitia barabara ya Momella inayokata hifadhi ya Arusha. Ni njia nzuri mno. Nyati wanalala uwanda wa nyasi, twiga wanavuka bila haraka, maziwa ya Momella yanabadilika rangi. Hapa ndipo ilipopigwa Hatari!, filamu ya Howard Hawks yenye John Wayne, kuanzia mwishoni mwa 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, na kutolewa 1962. Inahusu Wazungu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Mwigizaji mmojawapo, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella akabaki, na hoteli iliyopo leo imechukua jina la filamu. Mwaka 2007 Wajerumani walitengeneza filamu nyingine ya televisheni, ya maisha ya Margarete Trappe, mlowezi aliyefuga na kuwinda Momella hadi alipofariki mwaka 1957.

Niliitazama Hatari! nikiwa mtoto na nikacheka na tembo wadogo wanaokimbia mitaani Arusha. Nilipoitazama tena ukubwani niliwafuatilia watu wa nyuma: wanaoshika kamba, wanaobeba mizigo, wanaosimama pembeni. Mwanamke wa Kimeru sikumwona akipewa hata jina. Basi tuna filamu mbili za Momella, zilizotazamwa Marekani na Ulaya, na katika zote mbili ardhi ni ya anayeipenda kutoka mbali.

Ukivuka hifadhi upande wa kaskazini unafika Ngare Nanyuki, na hapo ndipo hasira yangu ilipopata sababu kamili. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka bonde hili ili ardhi igawiwe walowezi Wazungu kwa ufugaji. Watu walikataa kuondoka. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, familia zikaamriwa kwenda Kingori. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York, na mwaka 1952 akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Lakini TANU ilipoundwa mwaka 1954, watu walikuwa wamekwisha kusikia kwamba mkulima wa Meru aliweza kumshtaki Mwingereza ng'ambo. Kirilo aliandika kitabu na wakili wake, Earle Seaton, kuhusu kesi hiyo. Filamu ya Kirilo sijaiona. Filamu ya wanawake waliochanga, waliotolewa ndani ya nyumba zikiungua, waliolala nje na watoto, sijui hata nianzie wapi kuitafuta.

Ngare Nanyuki ya leo ni nyanya. Mashamba ya kumwagilia yametanda, akina mama wanapanga matenga kando ya barabara kusubiri malori, vumbi juu ya kila kitu. Maji yana floridi nyingi kupita kiasi, na unaliona hilo katika meno ya kahawia ya vijana wanaokusalimia kwa tabasamu. Nilielekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa mtoto mwaka ule. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanikalisha kwenye kigoda. Alisema kwa Kimeru, mjukuu wake akitafsiri, kwamba anakumbuka moshi, na kwamba mama yake alirudi kwa miguu kutoka walikopelekwa, usiku, kuja kuangalia migomba yake. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuja kumrekodi. Mjukuu hakulitafsiri swali hilo. Alinijibu mwenyewe kwamba hapana.

Sikurekodi. Nilikuwa na simu mkononi na sikuona ni haki kuchukua kwa haraka, kwa dakika za bodaboda anayengoja, kitu ambacho Wapolandi na Wanyarwanda walikipata kwa subira ya miaka. Wanawake wa Taba walisema kwa sababu Mukasarasi alikuwa amekaa nao muda mrefu kabla hajaja wakili yeyote. Bibi wa Kanada alisema kwa sababu mjukuu hakuchoka kurudi. Filamu inayowatendea haki wanawake huanza hapo, kwenye kukaa, na haihitaji fedha za Hollywood. Inahitaji mtu anayejua Kimeru, mwenye kamera ya kawaida na muda.

Vijana hao wapo. Arusha ina wapiga picha wengi, kwa sababu ya utalii na harusi, na kazi yao ni nzuri. Ninawaomba. Pandeni Momella siku ambayo hakuna mteja, mwende mpaka Ngare Nanyuki, muombe ruhusa kwa familia, mkae. Walio na uwezo wa kusimulia filamu kwa Kiswahili, chukueni ruhusa ya The Uncondemned muilete Tengeru siku ya gulio, akina mama waitazame wakiwa wengi. Na ninyi mlio Lakilaki mnaotunza kumbukumbu za kesi ile, wafungulieni milango wanafunzi wa sekondari za Arumeru. Ila Ngare Nanyuki ianze. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1951 ameshapita 80.